Baba Alivyompigia Tabla Mama Kusum Mara ya Mwisho

Tangu turudi, kila anayenikuta chumba cha walimu huniuliza swali lilelile: ilikuwaje mzee wa miaka sabini na sita akapanda basi kutoka Kisumu hadi Durban kwenda kupiga ngoma kwa saa moja na nusu, kisha akageuza na kurudi? Nimechoka kulijibu vipande vipande wakati wa chai. Basi hii hapa safari yote. Mkishaisoma, niacheni nisahihishe madaftari yangu.

Kisumu hadi Nairobi

Baba yangu, Mzee Ouma, mnamjua kama fundi viatu. Wachache mnajua kwamba nyumbani kwetu kuna ngoma mbili za Kihindi ziitwazo tabla, moja ndogo ya mti na nyingine nono ya shaba, na kwamba kila Jumapili baada ya kanisa hukaa chini akazipiga peke yake kwa nusu saa. Mimi niliizoea sauti ile kama nilivyozoea mvua juu ya mabati. Sikuwahi kumuuliza anampigia nani.

Mwezi mmoja kabla ya likizo simu yake ililia nikaipokea. Alikuwa mwanamke mzee mwenye Kiswahili kizuri cha Kisumu ya zamani. Akasema yeye ni Kusum, na angependa kuzungumza na Fundi. Baba aliibana simu kwenye sikio la kulia, maana la kushoto lilikufa miaka mingi, akasikiliza. Mwishoni alisema, "Nitakuja." Akarudia, "Nimesema nitakuja."

Mama Kusum ni mwimbaji wa muziki wa Kihindi wa asili, ule wa Kaskazini, ambao mwimbaji hukaa chini na kuimba wimbo mmoja kwa saa nzima. Alizaliwa Kisumu, na anaishi Durban. Madaktari walikuwa wamemkuta na uvimbe kooni. Angepasuliwa, na baada ya hapo kuimba kungekuwa basi. Kabla ya siku hiyo alitaka kuimba mara moja tu, na alitaka kuimba na mtu aliyeanza naye.

Ndege haikuwezekana. Daktari wa masikio alikuwa amemwonya Baba kwamba lile sikio moja lililobaki lisipandishwe angani. Tukaenda kwa basi. Ngoma ya shaba tuliiweka kwenye mizigo, lakini ile ya mti Baba aliipakata kama mtoto mchanga, imefungwa kwenye shuka.

Tulipopita Kericho nilimuuliza alimfahamuje. Aliisogeza ngoma mapajani, akaanza. Akiwa kijana alishona viatu kwenye veranda ya duka la vitambaa la baba yake Kusum. Mwalimu wa muziki aliyekuja kumfundisha binti alipasukiwa na ngozi ya tabla, na fundi wa karibu alikuwa ng'ambo ya bahari. Akamletea kijana wa viatu. Baba aliifungua ile ngoma, akaishona, akaifungua tena, mara tatu, mpaka ikatoa sauti aliyotaka mwalimu. Kuanzia siku hiyo hakuondoka nyuma ya mlango wakati wa masomo. Kupiga alijifunza kwa kusikiliza. Baadaye mwalimu alichoka kumwona amesimama, akamwambia aingie akae.

Nairobi hadi Tunduma

Kutoka Nairobi tulipita Namanga, tukashuka Tanzania yote hadi Tunduma. Siku hizo mbili sikumbuki milima wala miji, nakumbuka hadithi ya Baba. Dodoma tulikula wali na maharage tukiwa tumesimama, na alikuwa bado anasimulia huku punje za wali zikimbaki kidevuni.

Kusum alikuwa na miaka kumi na tisa alipoimba kwa mara ya kwanza mbele ya watu, katika ukumbi wa jamii yao. Asubuhi hiyo mpiga tabla aliugua malaria. Mwalimu akamvalisha Baba shati lake mwenyewe na kumkalisha jukwaani. Ukumbi ulipoona kijana Mjaluo amekaa nyuma ya tabla, minong'ono ikaanza. Wengine walicheka, safu ya mbele wakainuka wakaanza kutoka.

"Kusum alikuwa ameshaanza kuimba," Baba alisema. "Akanyamaza. Hakukasirika, hakusema lolote. Alikaa tu mikono mapajani akiwatazama, mpaka waliotoka wakatoka na waliobaki wakatulia. Kisha akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili, ili wote wasikie: Fundi, tuanze upya."

Baada ya hapo walizunguka pamoja karibu miaka mitatu: Nakuru, Jinja, Kampala. Magazeti ya Wahindi yalimsifu Kusum na kumwita Baba "msaidizi". Hakuona ubaya. Nilipomuuliza kwa nini hajawahi kunisimulia haya, alisema nilikuwa sijauliza.

Tunduma hadi Lusaka

Mpakani tulikaa saa tisa nzima. Malori yalikuwa yamejipanga hadi macho yakachoka, na basi letu lilikuwa katikati yake. Mama mmoja muuza ndizi za kuchoma alimwona Baba akigonga magoti yake kwa vidole, akadhani ana homa, akamletea maji ya moto yenye tangawizi. Baba aliyanywa yote kwa heshima. Hakumwambia kwamba alikuwa akifanya mazoezi.

Hapo ndipo nilipojua habari za India. Kusum alikwenda huko kusoma kwa mwalimu mkubwa, na alikuwa akimwandikia Baba barua. Mwalimu yule alimsikiliza mara moja akamwambia sauti anayo, subira hana. Akampa noti moja ya muziki, ile ya kwanza iitwayo Sa, akamwambia aimbe hiyo tu. Aliiimba kila alfajiri kwa miezi minane. Katika barua moja aliandika kwamba mwezi wa tatu alilia, mwezi wa tano alitaka kurudi nyumbani, na mwezi wa saba aligundua kwamba hajawahi kuisikia noti ile maishani mwake, alikuwa akiipita tu.

Niliyasikia hayo nikiwa nimekaa juu ya begi kando ya barabara yenye vumbi, na kwa mara ya kwanza nilitamani kufika.

Lusaka ndipo balaa lilipotupata. Tulikuwa tukibadilisha basi, Baba ameiweka ngoma chini sekunde chache afunge kamba ya kiatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipeleka vyombo vya harusi ya mdogo wake alijaribu kupandisha sanduku la bati, likamponyoka, pembe yake ikatua katikati ya ngoma. Tulisikia ngozi ikipasuka. Yule mama alipoona uso wa Baba alikaa chini palepale akaanza kulia. Baba ndiye aliyembembeleza. Alimwambia kwa Kiingereza chake kidogo kwamba ngozi hupasuka, ndiyo kazi yake. Lakini alipoketi kwenye basi aliifungua shuka, akaifunga, akaifungua tena.

Lusaka hadi Johannesburg

Huku hapakuwa na hadithi. Baba aliikumbatia ngoma iliyopasuka akatazama nje, Zambia ikaisha, Zimbabwe ikapita. Nilimpa yai la kuchemsha akalishika bila kulimenya kwa muda mrefu. Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya Jumapili ya onyesho. Nilimwambia Durban kumejaa Wahindi, tabla hazitakosekana, ataazima moja. Akaniuliza kama mimi nikienda kuoa ningeazima miguu. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwanamke na siendi kuoa. Hakucheka.

Johannesburg hadi Durban

Basi la Durban lilikuwa laini mno, nikalala hadi mabonde yalipoanza kushuka kuelekea pwani. Otieno, binamu yangu anayefundisha chuo kikuu huko, alikuwa amenieleza kwa simu namna ya kufika kwake Umbilo: mwenye gari atuteremshe baada ya robot ya pili. Nilimfikishia Baba maneno hayo. Tulipita taa za barabarani nyingi tu, na Baba amekaza macho dirishani akitafuta mtu wa chuma. Tulifika mbali kabla Otieno hajapiga simu akicheka, akatueleza kwamba huko taa za barabarani ndizo huitwa robot.

Usiku huo alituletea chakula cha hapo, nusu mkate uliotobolewa ndani na kujazwa mchuzi wa maharage. Aliuita bunny. Mimi kwa ujuaji wangu nikamtafsiria Baba kwamba ni sungura. Baba, ambaye hali sungura, alisogeza sahani akasema ameshiba safari. Otieno alipomwonyesha maharage alikula wake, akamaliza na wangu.

Albert Park

Asubuhi Otieno alitupeleka Albert Park, mtaa wa maghorofa ambako Wakongomani ni wengi hata unasahau uko nchi gani. Katika karakana ndogo nyuma ya saluni tulimkuta Papa Dieudonné, mtu wa Bukavu, anayetengeneza ngoma za makanisa. Baba alimfungulia shuka. Papa Dieudonné aliitazama ile ngoma kwa muda, akapitisha kidole kwenye doa jeusi lililopasuka.

"Mzee, ngozi ya mbuzi iko," alisema. "Lakini hii kazi sijaiona. Hii nyeusi njo nini?"

Baba alimweleza kwamba doa lile ni unga wa chuma uliochanganywa na uji wa wali, unapakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa kwa jiwe kila tabaka mpaka likauke, na bila hilo ngoma hupiga kelele lakini haiimbi.

"Basi utachagula ngozi weye mwenyewe," akasema Papa Dieudonné. "Na mimi nitakaa hapa nione."

Kwa siku tatu wale wazee wawili walikaa kwenye kizingiti kimoja. Unga wa chuma ulitoka kwa fundi wa funguo jirani, ukachujwa kwa kitambaa. Wali niliupika mimi, mara ya kwanza ukawa mzito, nikarudishwa kama mwanafunzi. Baba alipaka, akasugua, akagonga, akatega sikio lake moja, akakwangua akaanza tena. Wasusi wa saluni walianza kutoka na vitana mikononi kuja kusikiliza. Siku ya tatu jioni aligonga mara moja tu, na sauti iliyotoka ilikuwa safi na ndefu hata mwanamke mmoja aliyekuwa nusu amesukwa akasema, "Eish, mzee."

Papa Dieudonné alikataa kulipwa. Alisema mafunzo hayo angeyapata wapi.

Berea

Siku ya nne tulipanda Berea, mtaa wa mlimani juu ya mji, kwenye fleti ya Mama Kusum. Nilikuwa nimejiandaa kuona machozi. Alifungua mlango, mwanamke mdogo wa miaka sabini na minne, sari ya kijivu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, akamtazama Baba kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umechelewa, Fundi," akasema.

"Ngozi ilipasuka," Baba akajibu.

"Basi keti tuanze."

Miaka hamsini, na hayo ndiyo maneno yao. Walifanya mazoezi asubuhi nzima. Nilikaa jikoni nikisikiliza, na nikielewa kidogo sana, ila niliona kwamba kila baada ya muda Mama Kusum alikuwa akishika koo na kunyamaza, na Baba alikuwa akiendelea kupiga taratibu mpaka arudi.

Mama Kusum alikuja jikoni kutengeneza chai, nikapata ujasiri wa kumuuliza lililokuwa likinisumbua tangu Kericho. Nilimuuliza kama yeye na Baba waliwahi kupendana.

Hakukasirika. Alikoroga chai akasema, "Mwanangu, kila mtu alilitafuta hilo. Baba yangu, mume wangu, nadhani na mama yako pia, Mungu amrehemu. Hakuna aliyefikiri kwamba watu wawili wanaweza kukaa pamoja miaka mitatu kwa ajili ya kazi tu. Kazi ile ilikuwa kubwa kuliko sisi. Haikutuachia nafasi."

Kisha akanisimulia yaliyobaki. Kutoka India aliozwa Durban, kwa mfamasia. Mume alikuwa mtu mwema, lakini mama mkwe alisema mke wa nyumba ile hakai jukwaani. Kwa miaka kumi na miwili hakuimba mbele ya mtu. Mchana, duka lilipofungwa kwa chakula, aliingia stoo ya dawa, akakaa kati ya makatoni, akaimba chini chini asisikike barabarani.

"Sauti yangu ya juu nilipewa na Mungu," alisema. "Ile ya chini niliipata stoo, kwa kuogopa."

Aliyemtoa humo ni mama mkwe mwenyewe. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimwita Kusum kitandani, akamwambia anajua siku zote anachofanya stoo, na sasa amwimbie. Alimwimbia kwa siku tisa. Siku ya tisa yule mama alimwambia, "Nimekukosea. Nenda." Na miezi michache baada ya mazishi alikaa tena jukwaani, na miaka thelathini na zaidi iliyofuata aliimba na kufundisha hapo hapo Durban, zamani watoto wa Kihindi tu kwa sababu sheria za nchi zilitaka hivyo, baadaye yeyote aliyeweza kuvumilia noti moja.

Jumapili asubuhi

Onyesho lilikuwa saa nne asubuhi katika ukumbi mdogo upande wa Umbilo, maana wimbo aliouchagua una saa yake na saa yake ni hiyo. Watu walikuwa kama mia mbili, viatu vimerundikwa mlangoni. Otieno alikuwepo, na Papa Dieudonné amevaa suti ya kanisani. Kwa desturi mpiga tabla hukaa mkono wa kulia wa mwimbaji. Hapo sikio la Baba lililokufa lingemwelekea yeye. Mama Kusum alipopanda jukwaani aliliona hilo mara moja. Alisimamisha kila kitu, akamhamishia Baba kushoto kwake, akawaomba waliokuwa wameshakaa wasogee. Hakueleza sababu.

Alianza na noti moja tu, Sa, ile ya miezi minane. Siwezi kuwaeleza vizuri. Mimi huimba kwaya, nimesikia sauti kubwa na nzuri. Hii haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu ameweka kitu mezani na hakuna awezaye kukisogeza. Baada ya hapo alipanda polepole, noti baada ya noti, akikaa kwenye kila moja, na Baba akaingia na mzunguko wa mapigo kumi na sita, mzito na mtulivu.

Karibu saa nzima ilipita. Alikuwa akielekea noti ya juu kabisa, na ukumbi wote ulijua, watu wamesogea mbele. Alifungua mdomo. Haikutoka sauti.

Alijaribu tena. Hewa tu. Aliweka mkono kooni, na niliona uso wake ukibadilika. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kulia. Ilikuwa imeisha, na sote tuliona inaisha.

Baba hakusimama. Hakumtazama hata. Aliendelea na mapigo yake kumi na sita, bila kuongeza, bila kupunguza, kichwa kimeinamishwa upande wa sikio lake zuri. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mama Kusum alifumba macho. Katika mzunguko wa tatu aliteremka, chini kuliko alikoanzia, chini kabisa, na kutoka huko ikapanda sauti ambayo sikuwa nimeisikia asubuhi hiyo, nzito, ya karibu, kama ya mtu anayekuambia jambo lililofichwa maisha yote. Nikajua ni ile ya stoo. Aliichukua ile njia yote ya juu akaipitisha huko chini, na alipofika mwisho alitua kwenye pigo la kwanza pamoja na Baba, wote wawili mahali pamoja, kama mguu na ardhi.

Watu hawakupiga makofi. Walitoa pumzi.

Aliimba nusu saa nyingine kwa sauti hiyohiyo. Alipomaliza aligeuka, akaugusa mkono wa kulia wa Baba, kisha akaugusa uso wake mwenyewe. Baba alikuwa akilia waziwazi, na sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata tulipomzika Mama.

Kurudi

Safari ya kurudi haina la kusimulia. Tulilala njia nzima.

Wiki mbili baada ya kufika nyumbani Mama Kusum alipasuliwa. Salama, mwanafunzi wake aliniandikia, ila amekatazwa kutoa sauti kwa wiki sita, na kuimba ndiyo basi. Nilimsomea Baba ujumbe ule kibandani. Aliendelea kushona.

Jioni ya Jumamosi iliyofuata simu yake ililia tukiwa mezani. Namba ya Durban. Nilipokea, nikasema halo, halo, hakuna aliyejibu, ila nilisikia mtu anapumua. Nilitaka kukata. Baba alinyoosha mkono akaichukua, akaibana kwenye sikio la kulia. Alisikiliza. Kisha akasogeza sahani yake kando, akaanza kugonga meza kwa vidole vya mkono ule mwingine, taratibu, mapigo kumi na sita. Alipomaliza akarudi mwanzo, na alipogonga pigo la kwanza, hata mimi niliyekuwa ng'ambo ya meza nilisikia kutoka ndani ya simu mtu akipiga kofi moja, palepale panapotakiwa.